Sakafu Chini ya Kampuni Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi ya supamaketi! Hii ni kampuni ya tatu kulinunua jengo. Ya kwanza ililipaka kijani, ikaziba madirisha ya upande wa barabara. Ya pili ikalipaka rangi nyekundu na kung'oa saa ya ukutani. Hawa wapya wanataka kijivu, nje na ndani. Kazi yangu — kubandua kapeti la plastiki na kusawazisha chini, watandike vigae. Sikumwambia msimamizi kwamba chini ya kapeti kuna terazo, sakafu ya saruji na chenga za marumaru, na terazo hiyo tuliimwaga baba na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Jumanne, 4 Machi
Ipo! Gundi imeganda juu kama ukoko, lakini chini yake ni nzima. Haina hata ufa mmoja! Nimekwangua upana wa meza, nikamwagia maji, chenga za marumaru zikajitokeza, nyekundu na nyeupe. Fundi umeme akauliza hiyo imetoka wapi. Imetoka mikononi mwangu, nikamwambia. Akacheka, akadhani natania. Shauri yake.

Jumatano, 5 Machi
Msimamizi kakataa. Eti maduka yao yote yana vigae vya aina moja, mteja akiingia tu ajue yuko kwao. Nikamwambia vigae vyake vitaanza kucheza chini ya matoroli kabla hajazoea kiti cha ofisi. Nilipandisha sauti, najua. Sijuti. Mwishowe kaniachia sehemu ya mbele ya kaunta za malipo: nisage, ning'arishe, mkuu wao akija Ijumaa aamue. Asipoipenda, vigae vinagandishwa kwa saruji juu yake. Hapo ndiyo basi tena.

Alhamisi, 6 Machi
Kusaga kutwa. Kiuno si changu. Inang'aa!

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimekaa juu ya ndoo. Baba kaja, sikumwita — mama ndiye mbea. Kavaa ile suti aliyokuja nayo harusini kwangu. Kasema amekuja kuona kama nimemwaibisha. Kisha kavua viatu na soksi. Sisi watu wa terazo hatuamini macho, mwanga hudanganya. Sakafu tunaikagua kwa nyayo. Katembea polepole, mikono mgongoni, kutoka kaunta ya kwanza hadi ya mwisho. Kasema neno moja: laini. Miaka thelathini kwenye kazi hii, sijawahi kusikia sifa mdomoni mwake! Nimelia, na sikujificha.

Mara mkuu kaingia — mama wa rika langu, suti nyeusi. Msimamizi kakimbilia kumtoa baba, eti mzee huyu kapotea njia. Baba hakusogea. "Mwanangu," kamwambia mkuu, "ukiwa na viatu huwezi kuijua hii."

Msimamizi anatazama dari. Vigae viko mlangoni, vijana wa kuvipakua wanasubiri neno.

Mkuu kanitazama mimi, katazama miguu ya baba. Sasa kainama, anafungua kamba za kiatu.