Namba Tatu: Amehama

Jumatatu, 3 Machi

Profesa leo kaniita "mwanangu". Basi anataka kitu! Makala ya dawa za presha lazima iende kwa jarida Ijumaa. Ikipita, mkataba wangu wa miezi sita-sita unageuka ajira ya kudumu. Miaka saba naingoja. Nikague tu majedwali, kasema.

Nimekagua. Wagonjwa elfu tatu, vifo 61 — dawa zinafanya maajabu! Waliohama: 412. Mia nne? Mmoja ana miaka themanini na tisa, kapooza upande mmoja. Kahamia wapi huyo?

Jumanne, 4 Machi

Stoo. Vumbi, chafya. Nimefungua maboksi ya fomu za karatasi. Mwandiko wa Mama Fomu, muuguzi mstaafu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Yule wa themanini na tisa: "Ametutoka mwezi wa pili." Mwingine: "Ametutoka." Na mwingine. Na mwingine.

Programu ya Profesa — ile anayojisifia kila kongamano — imeona "toka", ikaweka namba tatu: amehama.

Nilikuwa na miaka sita Mama aliponiambia Baba ametutoka. Nikamuuliza atarudi lini. Nimecheka peke yangu mle stoo, kisha nikalia.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Mama Fomu. Kawaka! Ati nilitaka aandike "amekufa" huku mjane anachungulia karatasi? Hapana, Mama, uliandika vizuri kabisa.

Nikampelekea Profesa fomu; hakubisha. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Kafunga mlango, kasema nisichokonoe, tutarekebisha kwenye makala ya pili, wafadhili wanasubiri. Nikamwambia si wote wamekufa, wengine wamehama kweli, anipe wiki mbili niwapigie simu jamaa zao. Hana wiki mbili.

"Mwanangu, kazi unaitaka au huitaki?"

Naitaka! Naitaka mno. Lakini nimemwambia: kwenye makala yenye jedwali lile jina langu haliingii.

Alhamisi, 6 Machi

Mama yangu kasema nikubali yaishe, bahati kama hii nitaipata lini tena. Nikamsomea fomu tatu kwenye simu. Akauliza hao waliobaki nitawapigia lini.

Nimepiga sabini. Hamsini na mmoja wamekufa. Hasira hadi nakosea namba, narudia.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Sekretari kaja kuninong'oneza: makala imeshaenda. Jina langu limefutwa kwenye orodha ya waandishi. Kwenye barua kwa mhariri Profesa kaeleza sababu — nimehama mradi.

Mimi! Namba tatu!

Sijahama. Niko kwenye kiti changu kibovu, dirisha lilelile lisilofunga. Nimemwandikia mhariri wa jarida, nimeambatanisha orodha yangu na picha za fomu. Nimetuma. Sijutii — naogopa, ndiyo, ila sijutii.

Sekretari kanipigia sasa hivi: mlinzi anapanda ngazi kuja kuchukua ufunguo wangu wa ofisi. Aje! Niko mtu wa mia moja na nne. Simu inaita.

Mlinzi kafika, karatasi mkononi. Nimemwonyesha kiti, akae asubiri. Kakaa. Upande wa pili wa simu sauti ya mama mtu mzima imeitikia marahaba, inauliza namtafuta nani.