Gari la Mbwana Kwenye Mlima wa Feri

Selpher, nimechoka. Sijavua hata buibui.

Nilikuwa nampeleka Bi Dhahabu kwake Bofu kwa gari la mwanangu Mbwana. Ndiyo, Bi Dhahabu yule yule ambaye mpaka leo hajajibu posa ya Mbwana kwa bintiye!

Tumeshuka ferini Likoni, foleni ikasimama pale mlimani. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikaweka gia kwenye S, nikidhani ni ya slow. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya gari linaloteleza, maana nilikuwa nateleza kweli!

Kisha nikafanya alivyonifunza marehemu baba kwenye pikapu yake miaka ya themanini: mguu mmoja breki, mwengine mafuta, mpaka injini ingurume.

Dashibodi ikaandika LAUNCH.

Nikamwambia Bi Dhahabu, "Tazama, hata gari lajua tumetoka kwenye lanchi."

Lanchi, Selpher! Nikadhani lasema chombo cha baharini!

Mbwana asema S ni ya sport, kile kitufe huzima kinga ya kuteleza, na hiyo LAUNCH ni ya mashindano, ya kuondokea kwa kasi. Ndiyo aniambia sasa!

Foleni iliposogea nikaachia breki. Wallahi gari liliruka kama limefyatuliwa. Watu wakatawanyika. Nikakanyaga breki, tukasimama shibiri moja nyuma ya lori la mchanga.

Bi Dhahabu akautazama mkono wangu, bado umemzuia kifuani.

"Usukani umeuacha, ukanishika mimi."

"Niwie radhi, dada."

"Basi binti yangu nimewapa. Lakini siku ya harusi, asichukuliwe kwa gari ukiendesha wewe."

Posa imejibiwa, shoga. Na sina hata nguvu ya kupiga kigelegele.