Chai Niliyomchemshia Mama Safia

Biryogo, Kigali
Juni 1992

Kwa dada yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka huku vilimani. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi la kiangazi. Wewe je, miguu imeacha kuvimba? Na mama bado anakohoa alfajiri? Vita vya kaskazini tunavisikia redioni; hapa tunashona.

Barua yako ya kuomba majani ya chai ya kupunguza unene nimeipata. Kabla hujainjika sufuria, nisikilize.

Mama Safia, mjane ninayemshonea na kuishi kwake, daktari alimwambia apunguze mwili. Nikasikia sokoni kwamba chai kali huyeyusha mafuta. Basi nikawa nachemsha majani mpaka maji yanakuwa meusi tii, nampa vikombe vitatu kabla hajatia kitu tumboni. Nilikuwa nikiutazama mvuke ukitoka dirishani na kupotelea kwenye ukungu wa bondeni, nikajiona mganga. Siku moja nikimpima gauni, mikono yake ikaanza kutetemeka, moyo ukamwenda mbio, akaniangukia.

Alipozinduka alisema ni uzee. Dada, ningeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Mama," nikamwambia. "Ni ile chai."

Akaniomba tu nimwite jirani yetu Mzee Kayitare, aliyefanya kazi ya kuonja chai kiwandani miaka mingi. Mzee akaonja iliyobaki sufuriani, akatema. Akanieleza kwamba majani yakichemka mno hutoa uchungu wote na ile nguvu inayokimbiza moyo. Weusi hauleti wembamba. Maji yachemke, yaepuliwe, yatulie kidogo, ndipo yamiminwe juu ya majani. Yafunikwe dakika tatu hivi, yachujwe, anywe bila sukari, akiwa ameshakula. Au majani yalowekwe kwenye maji baridi tangu jioni. Chai hiyo hutoka laini, haichomi tumbo.

"Lakini chai inasaidia kidogo tu," akasema. "Miguu ndiyo iko na kazi. Buhoro buhoro, polepole."

Tangu hapo kila asubuhi mimi na Mama Safia tunapanda mlima wa Nyamirambo. Ukungu unakuwa umefunika mabonde yote, vilele vimebaki kama visiwa. Nikijisahau, nadhani ni ziwa letu la huko nyumbani, na ng'ambo ya pili umesimama wewe.

Gauni nimelipunguza vidole viwili tu. Lakini juzi alifika juu bila kunishika bega. Akasimama, akahema, akacheka peke yake.

"Rukia," akasema, "leo magoti hayakuniuliza tunakwenda wapi."

Majani nimempa dereva anayekuja huko. Nisalimie shemeji Hamisi, mumeo, na shangazi Tatu aliyenifundisha cherehani. Kesho jua likichomoza, mshike shemeji mkono mtoke mtembee. Saa hiyo mimi niko njiani pia, napanda.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia