Mistari kwenye Paja la Lulu

Mtoni, 4 Machi 2025

Shikamoo kaka Isack. Mie sijambo, ila Lulu ameanza kupigwa mionzi leo, ule uvimbe wa pajani. Wamemchora mistari ya wino, wakasema isifutike, ndiyo inayoonyesha mashine ipige wapi. Nasikia mionzi inadhoofisha na mfupa wenyewe. Ulisema maabara kwenu mna chembe za kukinga seli za mifupa. Zinafika lini huku? Mtoto ana miaka saba, anapenda kuruka kamba.

Mdogo wako, Sekela

Ankara, 11 Machi

Marahaba mdogo wangu. Nisamehe kuchelewa, simu ilipasuka kioo. Chembe zile ni ndogo kuliko vumbi la unga, na kweli zinazikinga seli. Lakini seli zenyewe ziko kwenye visahani vya maabara, hata kwa panya hazijajaribiwa. Tena niliposema "tuna" nilijikweza. Wanaojaribu ni wataalamu wenyewe, mie naosha visahani. Usizisubiri. Mpeleke Lulu kila siku. Ngozi yake ikoje?

Kaka yako, Isack

Mtoni, 2 Aprili

Shikamoo kaka. Nimeshindwa kukujibu kwa aibu. Meseji yako ilinikuta nishafanya. Kesho yake tu baada ya kukuandikia nilichukua dodoki na sabuni, nikaifuta mistari yote, ili waturudishe nyumbani mpaka chembe zako zifike. Nikamfundisha mtoto aseme ni jasho, ila hata kwenda sikuthubutu. Nilipokusoma nikaona haya kurudi. Kila asubuhi namvalisha, tunaaga, tunakwenda kukaa Buguruni sokoni mpaka saa saba. Jirani yangu Mwanakombo ananiambia, "Una moyo, mwenzangu." Naitikia ahsante.

Jana nimemkuta Lulu na kalamu ya biki, amejichora paja zima, mistari imepinda.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha, mama. Usije ukagombezwa."

Leo nimempeleka hospitali na michoro yake vilevile. Nikamwambia yule dada wa mashine kila kitu, mtoto anasikia. Akaliangalia paja, akasema, "Nani huyu kaniingilia kazi?" Lulu akacheka.

Wamepima upya, tunaanza kesho. Siku zilizopotea kama zimemdhuru, daktari hajasema. Namngoja.

Wewe osha visahani hivyo vitakate, kaka. Mie paja hili nalipitishia kitambaa kwa pembeni, mistari siigusi.

Mama Lulu