Jiwe Lenye Madoa Mekundu

Wanjira,

Sisi wazima. Wimbi tumevuna, na wewe hunikumbuki mpaka uwe na njaa.

Wauliza kama kweli chembe zinazokaa jirani ndani ya jiwe hugeuzana. Unasoma mawe chuoni, halafu unaniuliza mimi niliyeishia darasa la tatu! Haya, sikia.

Nilipoolewa huku Mbeere, mama mkwe alinituma mtoni nichague jiwe la kusagia. Nikaleta lenye madoa mekundu, zuri ajabu. Akalikwaruza kwa ukucha pale doa jekundu lilipogusana na weusi wa jiwe. Palikuwa na ukingo wa rangi ya majivu, laini.

"Hizi chembe zimelana, msichana. Hapa patatoa mchanga."

"Jiwe ni jiwe, mama," nikamjibu. Kiburi changu unakijua.

Nikalisagia hivyo hivyo, na Jumapili uji ukajaa changarawe. Baba mkwe akatema chini. "Nani alichagua hilo jiwe? Kama ni huyu, arudi kwao Runyenjes!"

"Ni mimi," mama mkwe akasema, bila hata kunitazama.

Tulisaga pamoja miaka mingi. Mimi nikajifunza kunyamaza kidogo, naye akajifunza kumjibu mzee.

Cucu wako, nyanya asiyebembeleza mtu