Sensa Haidanganyi

Jumanne, 3 Juni 2025

Imerudi tena! Ile gari ndogo nyeupe ya Sista Genoveva, muuguzi wa Gendabi. Mara ya tatu ndani ya wiki tano. Taa ya injini inawaka, gari inatetemeka ikisimama, inakunywa mafuta kama trekta. Ina miaka zaidi ya ishirini na tano lakini bodi safi. Kaitunza.

Mashine ya kupimia inasema yaleyale – sensa ya oksijeni inasoma hewa nyingi, mafuta kidogo. Bosi Hermani kaangalia sekunde mbili tu. Sensa feki hiyo, tuweke nyingine. Nyingine! Tumeshaweka mbili. Nikamwambia, fundi, labda sensa inasema kweli, kibovu ni kitu kingine. Rogers, fundi mwenzangu, akacheka mpaka akaangusha spana. Eti Mectilda sasa ni wakili wa sensa.

Acheke. Miaka mitatu nafungua injini hapa Katesh na bado mteja akinikuta na ovaroli imejaa grisi ananiuliza fundi yuko wapi.

Jumatano, 4 Juni

Nimefunga sensa ya tatu mwenyewe. Hii tumeitoa kwenye gari inayotembea vizuri kabisa. Nikawasha. Namba zilezile! Sensa tatu tofauti, maneno yaleyale. Mashahidi watatu wasiojuana wakisema kitu kimoja, wewe unamkamata shahidi?

Bosi alipoenda kula nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye njia ya hewa. Namba ikaruka juu palepale. Sensa hai! Nikatoa plagi – nyeusi tii, zimejaa masizi. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye tairi. Plagi nyeusi maana yake injini inapewa mafuta mengi. Sensa inasema mafuta kidogo. Vyote viwili ni kweli. Basi kuna hewa inaingia njiani, baada ya injini, kabla ya sensa. Kompyuta inadanganywa, inaongeza mafuta, inaongeza, inaongeza.

Nimemweleza bosi. Hakunyanyua macho kwenye simu. Kesho tunakata masega, kasema.

Masega ya ekzosi, yale ya kuchuja moshi, yenye madini ya bei! Anajua mnunuzi wake Arusha. Sista hajui hata kama anayo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefukuzwa.

Rogers alishaingia chini ya gari na grenda. Nikachomoa waya ukutani. Bosi akaja.

"Mectilda, toka hapo."

"Sitoki, fundi. Mwenye gari hajaambiwa."

"Hii gereji ya nani?"

"Gereji ni yako. Gari ni ya Sista."

Fundi redio wa jirani akazima muziki wake. Halafu bosi akasema, taratibu tu, beba spana zako. Nikabeba. Nilizihesabu zote mbele yake, moja moja, asije akasema nimeiba. Nikampigia Sista kabla sijafika barabarani. Nikamwambia kila kitu, na masega pia.

Baba hakuuliza. Kaona mfuko wa spana, akasema maharage yanahitaji mtu wa kupepeta. Nikapepeta. Sikulia. Labda kidogo, makapi yaliingia machoni.

Ijumaa, 6 Juni

Jioni nasikia mlio naufahamu. Sista Genoveva kaitoa gereji kabla haijakatwa kitu, kaja mpaka hapa kwetu Nangwa, gari inakohoa kama mzee wa tumbaku! Nani kamwelekeza nyumbani? Rogers. Rogers yuleyule. Sijui nimweke wapi huyu mtu.

Akamwamkia baba, shikamoo mzee, akakaa jikoni na viatu vya kazi bado miguuni. Yeye ni wa Bukoba, anaongea taratibu, lakini leo maneno yalimtoka haraka. Mwezi uliopita alikuwa anampeleka Philomena wa Gendabi hospitali, uchungu umeshika. Gari ikazimika kwenye mlima. Basili, mume wa Philomena, akasukuma pamoja na wachunga ng'ombe waliokuwa wanapita. Haikuwaka. Mtoto kazaliwa kiti cha nyuma, Sista anamulika kwa simu na Basili kashika shuka mlangoni kuzuia upepo.

"Mtoto ni mzima," kasema. "Lakini yule ni wa tatu kwa mama yake. Akija mwenye uzazi wa kwanza, au mwenye damu kutoka? Hermani anasema niuze chuma chakavu. Wewe unasemaje?"

Nikasema gari ilale hapa. Asiiguse mtu. Naitaka ya baridi.

Hana zamu mpaka Jumatatu. Kalala kwetu.

Jumamosi, 7 Juni

NIMEIPATA!

Niliamka kabla ya kuku. Mlima Hanang wote uko ndani ya ukungu, baridi ya kukata masikio. Nikafungua boneti, nikainama, nikamwambia Sista awashe. Tsi-tsi-tsi-tsi-tsi! Kama mtu anamfukuza paka. Na pumzi nyeupe inatoka chini ya bati la kuzuia joto, mahali ambapo hapatakiwi kutoka hata chembe. Dakika tano, injini ikapata moto – sauti ikapotea. Kimya kabisa.

Ndiyo maana! Gereji tunapima gari ikiwa imetoka barabarani, ya moto. Chuma kikivimba ufa unabana, sauti inakufa. Lakini hewa kidogo bado inanyonywa, na sensa inaiona. Sensa peke yake ndiyo iliyokuwa inaiona.

Ilipopoa nikatoa bati. Ufa kwenye manifodi ya ekzosi, pale moshi unapotokea tu kwenye injini, mwembamba kama unywele, umezungukwa na masizi. Nikapiga kelele. Baba akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nimeungua.

Sista akainama, akatazama muda mrefu. Akasema hata wodini ni hivyo, kipimo kikileta habari mbaya watu wanataka kubadilisha kipimo.

Nimeupiga picha ufa. Nikamtumia Hermani. Shikamoo kwanza, adabu ni adabu, halafu picha tatu. Akajibu baada ya saa nzima. Huo ni mkwaruzo. Acha kudanganya wateja wangu.

Wateja WAKE. Nimerudisha bati mahali pake. Jumatatu naanza kutafuta manifodi nyingine, akitaka asitake.

Jumapili, 8 Juni

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango.

Tumetoka misa, Sista katubeba wote. Hatujavua hata nguo za kanisani, pikipiki ikasimama. Hermani! Na koti lake la Jumapili. Kamsalimia baba salamu ndefu, mifugo, mvua, mavuno. Kwangu neno moja.

"Washa."

Nikawasha. Kimya. Hakuna tsi wala nini. Akatega sikio, akatabasamu.

"Iko wapi sauti yako?"

"Imebanwa na joto, fundi. Subiri ipoe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uweze kuishika manifodi kwa mkono mtupu."

Nilijua atapanda pikipiki yake aondoke. Akaangalia barabara. Akaangalia gari. Baba, bila kusema kitu, akamletea kigoda na chai ya maziwa. Akakaa! Sista anasuka mkeka wa maneno kuhusu bei za dawa, hakuna anayemsikiliza.

Saa nzima sasa. Nimeenda kugusa mara mbili. Bado ya moto. Mara ya pili yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Bado?"

"Bado."

Kavua koti, kalitundika kwenye uzio. Kakunja mikono ya shati. Akasema nimpe spana namba kumi, hilo bati atalitoa yeye.

Nimemwambia hapana, fundi. Hapa natoa mimi.

Karudi kukaa kwenye kigoda, anasubiri ipoe.