Hukufia Safarini, Baba Kioko

Baba Kioko,

Leo mtu alikuja kununua nyumba yetu. Naandika "nyumba" na najua ungecheka, kwa sababu wewe uliiita gari mpaka mwisho, tena kwa ngeli yako mwenyewe: "Mwalimu, ngoja kidogo, gari inapumua." Nami, kikombe mkononi, nakusahihisha: linapumua. Nilichelewa sana kugundua kwamba ulikuwa ukikosea makusudi. Ulipenda tu kunisikia nikisema.

Ni miezi saba sasa. Mvua ya Aprili ilinyesha vizuri hapa Tulia, ndengu zimebeba, mbaazi zimefika kifuani. Kaburi lako limeota nyasi upande mmoja na upande wa pili limekataa, sijui kwa nini. Basi letu, hilo gari lako, limesimama karibu na choo cha zamani, pale fundi wa Sultan Hamud alipoliegesha baada ya mazishi, na kuku wa jirani wamelifanya kiota. Nimewafukuza mpaka nimechoka. Sasa nakula mayai yao na simwambii mtu.

Kioko anataka liuzwe. Anataka nikae hapa mwaka mzima, nilinde boma na kaburi la baba yake, nisahau mambo ya kuzunguka. Mwezi ujao baridi inaingia na magoti yangu yamekwisha kunipa taarifa. Kwa hiyo ilinibidi nijibu: niliuze basi letu nitulie, au niende tulikokuwa tukienda. Hilo ndilo limenikalisha mezani leo na karatasi. Kuna na jambo lingine nililokuwa na deni la kukwambia, lakini hilo nitaliacha mwishoni, maana nikilisema sasa sitaimaliza barua.

Unakumbuka ulivyostaafu? Maisha yako yote uliendesha lori la kuchimba visima, ukilala kwenye kebini, leo Mutomo, kesho Mwingi, nyumbani ukija kama mgeni na kilo mbili za sukari. Nikasema, sasa nimepata mume. Wiki ya kwanza hukulala. Ya pili hukulala. Ulisema nyumba hii haitikisiki. Siku moja mchana nikakutafuta soko zima la Tulia, nikakukuta umelala fofofo ndani ya lori bovu la mtu mwingine, mdomo wazi, na wenye maduka wanakutazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Ulipoamka ulisema tu, "Mwalimu, hapa nimelala kama mtoto."

Ndipo tukalinunua lile basi kuukuu la shule. Tuling'oa viti tukabakisha vinne. Fundi wa hapa sokoni akatutengenezea kitanda chenye droo chini, ya kuwekea mahindi ya muthokoi na ndengu, nami nikashona mapazia ya kitenge, yale ya maua mekundu uliyosema yanakuumiza macho. Mtungi wa gesi nyuma ya mlango, tangi la maji juu. Siku tuliyoondoka akina mama wa kanisa walisimama njiani kututazama, na mmoja, unamjua, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mkataa kwao ni mtumwa." Nilikuwa nimejikunja kwenye kiti kwa aibu. Wewe ukatoa kichwa dirishani ukamjibu, "Sijakataa kwetu, mama. Nimekwenda nako."

Lakini tuliapa hatutatangatanga kama ng'ombe wa ukame. Mvua za Oktoba na za Machi tutakuwa Tulia, tulime. Baridi ikiingia, tutafute pahali pamoja pa kushukia kila mwaka, watu watujue na sisi tuwajue. Mimi nilitaka choo safi, maji karibu, na kanisa ambalo wanawake wake hawaulizi maswali mengi. Wewe ulitaka ardhi tambarare na sauti ya malori ya barabara ya Mombasa, eti ndiyo inayokubembeleza. Ndivyo tulivyofika Kibwezi, kwa Nzioka, mwenzako wa visima, akatupa pembe ya shamba lake kando ya mfereji, chini ya miarobaini.

Nililalamika sana, Baba Kioko. Sasa nayakumbuka malalamiko yangu yote, neno kwa neno. Mbu. Malori. Joto la kuivisha mkate nje ya jiko. Nilikuwa nakumbuka kwaya yangu na shamba langu, na kila jioni nilikwambia hivyo, na wewe umekunja suruali mpaka magotini, umesimama kwenye mfereji ukiosha bamia za Nzioka kama mtu aliyeajiriwa. Sikukwambia kwamba magoti yalikuwa yameacha kuuma. Niliona nikisema hilo nitakuwa nimeshindwa.

Mwaka wa pili ukaja na neno jipya: saruji. Nzioka alikuwa amekubali tumwage sakafu ndogo ya saruji, tujenge jiko la kudumu na choo chetu, basi likifika lina pahali pake. Nikasema, "Mtu hana nyumbani kuwili." Nililisema kwa ile sauti ya darasani. Siku mbili uliosha bamia bila kuimba.

Wakati wa kurudi kwa ajili ya mvua za Oktoba, gia zikaanza kugoma, ukasema tupande kwanza mpaka Sultan Hamud, kwa yule fundi anayeijua hiyo injini. Pasta wa pale akaturuhusu kuegesha kwenye uwanja wa kanisa. Tulikuwa tunakula wali na ndengu, jua bado lipo, ukasema hivi: "Kesho kwa chai kila mtu aseme yake. Ukisema Tulia, imeisha, sitakuuliza tena." Nikasema sawa. Ukaosha sahani.

Asubuhi niliamka kwanza nikatoka kuinjika chai. Hewa ilikuwa safi, na ule mlima wa upande wa pili wa mpaka ulikuwa umetoka wote, kofia yake nyeupe na mabega yake. Nikakuita uje uuone. Ukanyamaza. Wewe na uziwi wako wa kujifanya, uziwi wa mtu anayetaka kuletewa chai kitandani! Nikaita tena. Nikasema, "Wewe mzee, siku moja nitakunywa hii chai peke yangu."

Nilisema hivyo. Nimeandika mstari huu nikaufuta, nikauandika tena.

Nilipopanda na kikombe ulikuwa umelala umeelekea dirishani, mkono chini ya shavu. Nikakugusa mguu, nikajua. Nilikufumba macho kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikufunga kidevu kwa kitambaa changu cha kichwa. Nilikaa na wewe kidogo kabla ya kumwita mtu yeyote, kwa sababu nilijua nikimwita mtu utakuwa wa watu wote.

Na kweli. Uwanja ukajaa, na neno la kwanza nililosikia kutoka nje lilikuwa, "Maskini, amefia njiani." Karani aliyeandika karatasi akaniuliza, "Alifia nyumbani ama wapi?" Nikasema nyumbani. Akauliza kijiji gani, nami nikaonyesha basi. Akanitazama kwa huruma, akaandika anavyojua yeye. Wewe unajua neno hilo lilivyo zito kwetu. Kufia njiani ni kwa mtu asiye na kwao.

Halafu mazishi. Kioko ndiye aliyeandika wasifu wako, na aliusoma vizuri, nilijivunia. Mpaka akafika pale: "Alituacha akiwa safarini." Mimi nilikuwa kiti cha mbele na leso yangu ya kanisa. Mimi niliyewahi kumsahihisha pasta katikati ya mahubiri, nikaambiwa sina adabu! Mimi niliyekusahihisha "gari inapumua" maisha yangu yote! Neno moja baya, mbele ya watu wote, juu ya mume wangu, na sikuinua mkono. Niliona aibu. Wale akina mama walikuwa nyuma yangu, nikaogopa nikisimama niseme alifia nyumbani, ndani ya basi, watacheka. Nisamehe. Kati ya yote niliyokukosea hilo ndilo linaloniamsha.

Neno lile halikuishia pale. Kioko akalishika likawa kesi. "Mama, hiyo gari ndiyo iliua baba." Anasema ungekuwa hapa Tulia ungepelekwa hospitali. Daktari aliniambia moyo ulisimama usingizini, kwamba hata yeye mwenyewe angekuwa chumba cha pili asingejua. Kuna siku namwamini daktari na kuna siku namwamini Kioko. Tangu uzikwe mwanao hajalisogelea basi. Akienda chooni anazunguka upande wa ng'ombe.

Basi leo Jumamosi akaja na mnunuzi. Mtu mnene, mcheshi, anataka kubebea mboga. Alikuja na futi ya fundi, akapanda ndani na matope yake yote, akaanza kupima kitanda ili ajue atakavyoking'oa. Kioko alibaki nje. Mimi nikasimama mlangoni nikasema, "Toa viatu, baba."

Akacheka. "Kwani hapa ni nyumba?"

"Ndiyo, ni nyumba. Mume wangu alifia hapo, kwenye hicho kitanda ulichowekea futi."

Baba Kioko, ungemwona! Aliruka kama aliyeshika sufuria ya moto. Alishuka akimtazama Kioko, "Haiya, hiyo maneno hukuniambia!" Akasema atapiga simu. Ameacha hata futi yake. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi, na ni mara ya kwanza tangu Sultan Hamud.

Kioko hakucheka. Alikwenda akasimama kule kwenye mbaazi, mgongo kwangu, nikajua nimemtia aibu mbele ya mtu. Nikajiandaa kwa maneno. Aliporudi alisimama mlangoni pa basi, akainama, akavua viatu.

Akaingia ameinamisha kichwa kama ulivyokuwa ukiinamisha, maana urefu ni ule ule. Akaniuliza, "Alikuwa amelala upande gani?"

Miezi saba, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha mto, na mkono ulipokuwa, na dirisha. Akakaa kitandani. Halafu akalala, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, miguu ikining'inia nje kama yako, akaelekea pale ulipoelekea. Mimi nikatoka nikakaa kwenye ngazi nikamwacha. Nilimsikia. Sikuingia.

Alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Akasema, "Mama, kumbe kulikuwa na pazia."

Sikuelewa mara moja. Nimeelewa baadaye nikimenya viazi. Mtoto wetu wakati wote huu alikuwa akikuona umelala kwenye bati tupu kando ya barabara, malori yakipita. Hakujua kuhusu mapazia. Hakujua kuna droo ya ndengu, wala kwamba slipa zako zilikuwa zimepangwa mlangoni. Nani angemwambia, ikiwa mimi nilinyamaza? Alikula, akaniuliza baridi inaingia lini hasa, akasema atajifunza hizo gia.

Alipoondoka nilichukua kalamu yangu nyekundu. Ile karatasi ya mazishi yenye wasifu na picha yako iko ukutani sebuleni. Nimekata "safarini", nikaandika juu yake "nyumbani kwake". Mwandiko umebanana kidogo, lakini unasomeka.

Sasa lile deni langu. Ile asubuhi, chai ikichemka, nilikuwa na jibu langu tayari. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nilitaka ninywe nusu kikombe kwanza, nikutazame ukihangaika, nikohoe kidogo, ndipo niseme. Wewe ulilala ukijua nitasema Tulia. Ulikuwa umekwisha kukubali. Ndiyo maana uliosha sahani bila kuimba.

Ilikuwa Kibwezi, Baba Kioko. Nilikuwa nakwenda kusema Kibwezi.

Ningeweza kukwambia tukiwa bado tunakula. Nilikungojesha mpaka asubuhi kwa ajili ya mchezo.

Kwa hiyo nakuahidi. Juni, Kioko ataniendesha mpaka kwa Nzioka, na saruji itamwagwa pale pale ulipopima kwa hatua zako. Nitajenga jiko. Nitalala na mlio wa malori na nitaulalamikia, maana wewe hungependa nibadilike ghafla. Oktoba mvua ikinukia nitarudi Tulia nikupalilie. Na atakayeniuliza nyumbani ni wapi, nitamjibu bila kuangalia ni nani amesimama nyuma yangu.

Koma nesa, mume wangu. Lala vizuri. Umeshinda wewe, na nasikitika kwamba nimekwambia leo.

Mwalimu wako